Maswali ya Wasomaji: Mtunzi na Mpangaji wa Muziki wa Filamu

Barua za safari hii zinazunguka kazi moja, yaani ile ya mtu anayetunga muziki unaosikika nyuma ya picha za filamu na kuupangia ala zake. Barua zilizouliza jambo lilelile nimeziunganisha, na zile ndefu nimezifupisha bila kugusa hoja zake.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi nafundisha kwaya na nyimbo zetu nyingi nazitunga mwenyewe. Filamu inapokwisha huwa nasoma majina ya watu wa muziki: mtunzi, mpangaji wa okestra, kondakta, mnukuzi wa nota, mhariri wa muziki. Nilidhani mtunzi akishatunga kazi imekwisha. Hawa wengine hufanya nini, na kati yao ni nani hasa mwenye muziki?

Jibu: Marahaba. Nusu ya jibu unayo tayari, kwa kuwa kila unapouchukua wimbo uliobuni kwa sauti moja ukaugawa kwa soprano, alto, teno na besi, unakuwa umetoka katika utunzi na kuingia katika upangaji. Katika filamu mgawanyo ni huohuo, isipokuwa sauti nne zinaweza kuwa ala sabini au themanini, na muda uliopo huwa mfupi mno kwa mtu mmoja. Mtunzi huamua mahadhi, upatanifu wa sauti, kasi, na mahali ambapo muziki utaanza na kukoma. Mara nyingi huyaandika hayo kwa ufupi katika mistari michache ya nota, akidokeza pembeni kwamba hapa ziingie fidla na pale ipande tarumbeta. Mpangaji wa okestra huichukua rasimu hiyo na kuijenga katika karatasi kuu: ndiye anayeamua fidla zigawanywe makundi mangapi, nota ya chini ibebwe na ala ipi, na nani anyamaze ili mwenzake asikike. Mnukuzi huichambua karatasi kuu akamwandalia kila mpigaji ukurasa wake, kondakta huwaongoza wapigaji siku ya kurekodi, na mhariri wa muziki huhakikisha kwamba kila kipande kinabaki mahali pake hata picha zikikatwa upya, jambo ambalo hutokea karibu katika kila filamu.

Utaratibu huu ulikomaa katika studio za Hollywood za miaka ya 1930. Max Steiner, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 na kutunga muziki wa King Kong ya mwaka 1933, aliandika rasimu zilizojaa maelekezo, na wapangaji wakazikamilisha. Erich Wolfgang Korngold alikuwa amekwisha kusifika Ulaya kwa opera zake kabla ya kuingia katika filamu, na ujuzi wa kupangia okestra hakuukosa hata chembe. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi hiyo alimwachia Hugo Friedhofer, kwa sababu studio zilikuwa na ratiba isiyomngoja mtu. Friedhofer huyo alizihudumia kazi za Steiner na Korngold kwa miaka mingi kabla jina lake halijasimama peke yake, hadi The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946 ilipompatia tuzo ya Oscar akiwa mtunzi. Wapo waliokataa mgawanyo huo kabisa. Bernard Herrmann aliona kwamba uchaguzi wa ala ni sehemu ya utunzi wenyewe, hivyo aliandika okestra yake yote kwa mkono wake, na Ennio Morricone alifanya vivyo hivyo.

Kuhusu mwenye muziki, desturi ni kwamba jina kubwa na mirabaha humwendea mtunzi, ilhali mpangaji hulipwa ujira wake na hadai zaidi. Huko Marekani ujira huo umezoeleka kuhesabiwa kwa ukurasa wa vipimo vinne, yaani mafungu manne ya mapigo. Naiona desturi hiyo kuwa kali kwa mpangaji aliyepokea rasimu nyembamba na kurudisha muziki uliokamilika, lakini ndivyo mikataba ilivyo. Watunzi wenyewe hawakuanza wakiheshimiwa zaidi, maana katika miaka ya mwanzo ya tuzo ya Oscar ya muziki, aliyekabidhiwa alikuwa mkuu wa idara ya muziki ya studio. Ndiyo sababu ushindi wa Anthony Adverse ya mwaka 1936, ambayo muziki wake ni wa Korngold, ulikwenda kwa Leo Forbstein wa Warner Bros.

Swali: Mwalimu, mimi ni kijana ninayepiga kinanda katika bendi, na riziki yangu hutokana na kuwapangia wanamuziki wengine nyimbo zao. Ndoto yangu ni muziki wa filamu. Rafiki yangu ananishauri niache kazi hizi ndogondogo nijikite katika kutunga tu, nisije nikajulikana kama fundi wa kazi za watu. Tena sijui kusoma nota. Nifanye nini?

Jibu: Ushauri wa rafiki yako usiufuate. Katika barua zote nilizopokea, yako ndiyo inayogusa kiini cha kazi hii, kwa sababu idadi kubwa ya watunzi wa filamu tunaowafahamu walipita mlango huohuo ambao unaambiwa uufunge.

Mtazame Morricone. Alisomea tarumbeta na utunzi katika chuo cha muziki cha Santa Cecilia, Roma, chini ya Goffredo Petrassi, lakini mkate wake ulitokana na kupangia nyimbo za waimbaji wengine, nyingi zikiwa za kampuni ya santuri ya RCA ya Italia. Humo alijaribu vitu ambavyo watunzi wa ukumbini wasingethubutu kuvigusa: mluzi, mjeledi, kengele, nyundo. Mwaka 1962 alipanga wimbo wa zamani wa Kimarekani uitwao Pastures of Plenty kwa ajili ya mwimbaji Peter Tevis. Mwongozaji Sergio Leone, ambaye kwa bahati aliwahi kusoma naye darasa moja utotoni, aliusikia mpango ule akautaka kwa filamu yake. Sauti ya mwimbaji iliondolewa, mpango wa ala ukabaki, na juu yake Morricone akaweka mahadhi mapya yaliyopigwa mluzi na Alessandro Alessandroni. Hivyo ndivyo ulivyopatikana muziki wa A Fistful of Dollars ya mwaka 1964, uliompeleka duniani kote. Kilichomvutia Leone hakikuwa wimbo, maana wimbo haukuwa wa Morricone. Kilikuwa ni mpango.

A. R. Rahman, aliyezaliwa Chennai mwaka 1967, aliifuata njia inayofanana na yako kuliko unavyodhani. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa filamu aliyefariki Rahman akiwa mtoto wa miaka tisa, na familia ikaendesha maisha kwa kukodisha ala alizoziacha. Kijana alipiga kinanda katika okestra za watunzi wakubwa, akiwemo Ilaiyaraaja, kisha akatunga vijingo vya matangazo ya biashara kwa miaka kadhaa kabla ya filamu ya Roja ya mwaka 1992 kumtangaza. Quincy Jones alikuwa mpangaji wa bendi za jazi, akaenda Paris kusoma kwa Nadia Boulanger, na filamu zikamjia baadaye. John Williams alikuwa mpiga piano wa kukodiwa katika studio za Hollywood na mpangaji wa kazi za wengine kabla ya kuwa John Williams tunayemjua, mtunzi wa muziki wa Star Wars.

Sababu ya mfuatano huu haifichiki. Anayepangia wengine hujifunza kulitafuta kusudi la mtu mwingine na kulitimiza kwa vyombo vyake, na filamu haimtaki mtunzi jambo jingine zaidi ya hilo. Hujifunza kumaliza kazi kabla ya jua kuchwa. Huyasikia makosa yake siku hiyohiyo, kwa kuwa mpigaji aliyepewa nota isiyopigika hasiti kumwambia. Anayejifungia kutunga peke yake anaweza kukaa miaka bila kupata hata moja ya masomo hayo.

Nota ni suala jingine. Wapo waliofika mbali bila hizo, na maarufu kuliko wote ni Vangelis, Mgiriki ambaye hakuandika nota, akapata Oscar kwa Chariots of Fire ya mwaka 1981. Lakini yeye alizipiga ala zake za kielektroniki mwenyewe, moja juu ya nyingine, na mkononi mwake muziki ulikuwa umekamilika. Siku utakapopewa wapigaji kumi na wawili walio hai, lazima mtu aandike, na asipokuwa wewe utamlipa mwingine kutoka katika fungu lako mwenyewe. Jifunze ufunguo wa juu na wa chini, kisha uongeze ufunguo wa alto kwa ajili ya viola. Mtu mwenye sikio kama lako hatachukua muda mrefu.

Swali: Mwalimu, nasoma utengenezaji wa filamu na nimepewa kutungia filamu fupi ya mwenzangu. Kuna onyesho ambalo muziki unapaswa kugonga pale mlango unapofungwa. Nikiongeza kasi ili niuwahi mlango, muziki unasikika kama unakimbizwa. Wenye kazi yao hufanyaje?

Jibu: Huanza na hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Filamu ya kawaida hupita fremu 24 kwa sekunde. Kasi ya mapigo 120 kwa dakika ina maana kwamba kila pigo hudumu nusu sekunde, yaani fremu 12. Kasi ya mapigo 96 humpa kila pigo fremu 15. Tuseme muziki wako unaanza mwanzoni mwa onyesho na mlango unafungwa baada ya sekunde 37 na nusu. Kwa kasi ya 120, muda huo ni mapigo 75 kamili, kwa hiyo mlango unaangukia pigo la 76, ambalo katika vipimo vya mapigo manne ni pigo la mwisho la kipimo cha 19. Umelipata pigo, lakini ni pigo dhaifu, na sikio la mtazamaji litaona kwamba muziki umejikwaa. Kwa kasi ya 96, sekunde zilezile ni mapigo 60, sawa na vipimo 15 kamili, na mlango unafungwa juu ya pigo la kwanza la kipimo cha 16. Hakuna kilichokimbizwa wala kuvutwa. Kasi imechaguliwa ili mlango uingie katika umbo la wimbo kana kwamba ulikuwa humo tangu mwanzo. Programu za kutungia muziki siku hizi hukupa kasi kadhaa zinazofaa mara tu unapozitajia nukta unazotaka kuzigonga, lakini fanya hesabu hiyo kwa mkono mara chache, upate kuelewa programu inakuamulia nini.

Kasi isipokubali, una njia nyingine. Unaweza kuingiza kipimo kimoja cha mapigo matatu au matano mahali ambapo mahadhi yanapumua. Unaweza pia kuanza muziki mapema au kuchelewa kidogo, maana si lazima uanze pamoja na onyesho. Mara nyingi mwanzo mzuri ni pale mtu anapogeuza macho au anapomaliza neno. Na unaweza kuachana na mdundo wa kuongozea, yaani mlio wa mapigo wanaousikiliza wapigaji masikioni, ukamtegemea kondakta. Alfred Newman, aliyeiongoza idara ya muziki ya studio ya Fox kwa miaka mingi, aliuendeleza utaratibu ambao mstari wa mwanga ulipita juu ya picha na kuishia katika mmweko pale pigo lilipotakiwa, hivyo kondakta aliweza kuharakisha na kupunguza kwa hisia na bado akafika kwa wakati. Mfumo huo hutumika hata leo, isipokuwa mistari huchorwa na kompyuta badala ya kukwaruzwa kwenye ukanda wa filamu.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mwulize mwenzako kama mlango ule unahitaji kugongwa. Muziki unaokifuata kila kitendo, hatua kwa hatua, ni desturi ya katuni, na katika filamu ya watu hufanya kitendo kionekane kichekesho. Kaa naye mtazame filamu nzima mara mbili bila muziki wowote, mwandike kila mahali muziki utakapoingia, utakapotoka, na kwa nini. Pale mnaposhindwa kujibu kwa nini, ufuteni. Iwapo katika onyesho hilo watu wanazungumza, angalieni pia ala zinazogombana na sauti ya binadamu: selo na honi hukaa katika eneo lilelile la sauti ya mwanamume, kwa hiyo zikiimba mahadhi mazito chini ya maneno yake, fundi wa sauti atazishusha hadi zisisikike, nawe utasema umeonewa. Weka nota ndefu za fidla juu ya sauti hiyo au besi chini yake, uache katikati wazi.

Swali: Mwalimu, nilitunga muziki wa filamu nzima kwa miezi kadhaa. Mtayarishaji aliukataa wote, akatafuta mtu wa kumtungia kitu kinachofanana na muziki wa muda uliowekwa wakati wa uhariri. Nimevunjika moyo. Je, ni dalili kwamba kazi hii si yangu?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Dalili hiyo haipo, na ungekuwa na orodha ya waliokutangulia usingeona haya kusimama kati yao. Alex North alitunga na kurekodi muziki wa 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968, mwongozaji Stanley Kubrick aliamua kubaki na vipande vya Strauss, Ligeti na wengine alivyokuwa akivitumia katika uhariri, na North alilijua hilo alipokwenda kuitazama filamu. Baadaye, mwaka 1986, alikuwa mtunzi wa kwanza kupewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake.

Muziki wa muda ndio adui mkubwa wa mtunzi katika enzi hizi. Mhariri huuweka ili picha zisiwe kimya, mwongozaji huusikia kila siku kwa wiki nyingi, na mwishowe huona kwamba picha na muziki ule vimezaliwa pamoja. Njia ya kupambana nao ni kuingia mapema. Morricone alimtungia Leone muziki wa Once Upon a Time in the West ya mwaka 1968 kabla ya picha kupigwa, na ukapigwa mbele ya waigizaji wakiwa kazini. Hildur Guðnadóttir naye alianza kuitungia Joker ya mwaka 2019 kutokana na andiko la filamu tu, naye akapata Oscar. Usipoitwa mapema kiasi hicho, angalau mpe mhariri vipande vyako vya awali, hata vikiwa vya kinanda kitupu, ili muziki atakaouzoea mwongozaji uwe wako. Na ukikuta muziki wa muda umekwisha kuwekwa, usiukasirikie: mwulize mwongozaji anapenda nini ndani yake. Mara nyingi atakutajia kasi, au wepesi wa ala, au ukimya unaofuata baada yake, na mambo hayo matatu unaweza kumpa bila kuiba nota hata moja.

Jambo la pili ni ukaidi, na hapa sina kanuni ya kukupa. Katika Psycho ya mwaka 1960 mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka onyesho la bafuni lisiwe na muziki. Herrmann aliliandikia muziki wa ala za nyuzi peke yake, Hitchcock alipousikia akaukubali, na leo hakuna anayeweza kulifikiria onyesho hilo bila zile fidla. Miaka sita baadaye, katika Torn Curtain, Herrmann alifanya ukaidi wa namna ileile: alitungia muziki onyesho la mauaji aliloambiwa aliache kimya, na filamu nzima akaipa okestra nzito wakati aliombwa kitu chepesi cha kisasa. Safari hii alisimamishwa kabla kurekodi hakujakwisha, na wawili hao hawakufanya kazi pamoja tena. Mtu ni yuleyule na tabia ni ileile. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mara ya kwanza alikaidi katika onyesho moja na kulisikilizisha kwa mwenye filamu mapema, ilhali mara ya pili aliikaidi filamu nzima, na Hitchcock akaja kuusikia muziki okestra ikiwa imekwisha kuketi na fedha zinatumika.

Kwa upande wako, hakikisha umelipwa kwa kazi uliyokabidhi, kwa kuwa kukataliwa kwa muziki si sababu ya kunyimwa ujira isipokuwa mkataba unasema hivyo. Kisha soma kifungu kinachoeleza nani anamiliki muziki usiotumika. Ukiweza kuurudisha mikononi mwako, una muziki wa filamu nzima ambao bado haujasikiwa na mtu.

Swali: Mwalimu, nimeletewa mkataba wa kupewa fungu moja ambalo ndani yake natakiwa nitunge, nipange, nilipe wapigaji na studio, na kukabidhi muziki uliokamilika. Pia kuna kifungu kinachosema kwamba haki zote ni za mtayarishaji. Nitie saini?

Jibu: Usitie leo. Mkataba wa fungu moja si mbaya kwa asili yake, na filamu nyingi ndogo haziwezi kulipa kwa namna nyingine, lakini hatari yote huwekwa mabegani mwako. Picha zikikatwa upya wiki ya mwisho, gharama ya kuwaita wapigaji tena ni yako. Kwa hiyo andika ndani ya mkataba idadi ya dakika za muziki, idadi ya mara utakazorekebisha bila malipo, na kwamba mabadiliko yanayoletwa na kukatwa upya kwa picha hulipiwa kando. Gharama za wapigaji na studio zitenganishe na ujira wako, hata kama zitapitia mkononi mwako, ili kila upande uone filamu inakulipa kiasi gani hasa.

Kifungu cha haki zote kinahitaji kusomwa kwa utulivu. Ni kawaida mtayarishaji kumiliki rekodi na haki ya kuutumia muziki katika filamu, na Marekani studio huhesabiwa kuwa mtunzi mbele ya sheria kwa kuwa kazi imefanywa kwa kuajiriwa. Hata huko, hata hivyo, mkataba wa kawaida humwachia mtunzi fungu lake la mirabaha ya kutumbuizwa hadharani, ile inayokusanywa na vyama vya haki za watunzi filamu inapoonyeshwa kwenye televisheni na mahali penginepo. Fungu hilo usilitoe. Kwa watunzi wengi ndilo linaloendelea kuingia baada ya ujira kusahaulika, na mtayarishaji hapotezi chochote kwa kukuachia, maana halitoki mfukoni mwake.

Mirabaha hiyo haitakufikia bila orodha ya vipande, yaani hati inayotaja kila kipande cha muziki kilichomo ndani ya filamu, urefu wake kwa sekunde, jinsi kilivyotumika, na majina ya waliokitunga pamoja na mgawanyo wao. Ni wajibu wa mtayarishaji kuiwasilisha. Ni busara yako kuiandaa mwenyewe na kuhakikisha imefika. Fahamu pia kwamba nchi hazilingani: katika nchi nyingi za Ulaya kumbi za sinema hulipia muziki wa filamu zinazoonyesha, ilhali kumbi za Marekani hazilipi, kutokana na hukumu ya mahakama ya mwaka 1948. Mtunzi ambaye filamu yake imejaza kumbi huko hapati mrabaha wa kumbi hizo, na hiyo ni sababu mojawapo ya ujira wa mwanzo kupiganiwa sana.

Swali: Mwalimu, salaam. Binti yangu ana miaka kumi na minne na anataka kuwa mtunzi wa muziki wa filamu. Asomee ala gani? Na je, kazi hii inawapokea wanawake?

Jibu: Salaam, mama. Piano kwanza, kwa sababu inamwonyesha upatanifu wote mbele ya macho yake, kisha ala moja inayopigwa ndani ya kundi, iwe ya nyuzi au ya kupuliza, apate kujua okestra inavyosikika kutoka ndani. Kuhusu wanawake, mlango ulifunguliwa kwa kuchelewa: Rachel Portman, kwa muziki wa Emma ya mwaka 1996, ndiye mtunzi wa kwanza mwanamke kuipata Oscar ya muziki asilia wa filamu. Shirley Walker, aliyewahi kuwa kondakta na mpangaji wa kazi za wanaume waliosifiwa kuliko yeye, aliitumia meza ya upangaji kufika kwenye utunzi wake mwenyewe. Mwache binti aendelee.

Swali: Mwalimu, kompyuta sasa ina sauti za okestra nzima, na mwongozaji husikia muziki umekamilika kabla hata mpigaji mmoja hajaitwa. Mimi ni mpangaji. Je, kazi yangu inakufa?

Jibu: Imebadilika, na sehemu fulani imekufa kweli: rasimu ya mistari michache iliyopigwa piano mbele ya mwongozaji haipo tena, kwa kuwa leo kila mwongozaji anatarajia kusikia kielelezo cha kompyuta kilichokamilika. Kwa kazi nyingi za bajeti ndogo, kielelezo hicho ndicho kinachobaki katika filamu.

Lakini pale ambapo muziki utapigwa na watu, kompyuta imekuongezea kazi. Ala za kompyuta hazichoki wala hazivuti pumzi, na kwa kusogeza kidole tu fluti katika nota zake za chini husikika juu ya tromboni nne, jambo lisilowezekana ukumbini. Mtunzi aliyezoea kielelezo hukuletea muziki ambao mpiga honi atatakiwa kushikilia nota ya juu kwa nusu dakika bila kupumua, fidla zimeandikiwa nota iliyo chini ya G, ambayo ndiyo nota yao ya chini kabisa, na vikundi vitatu tofauti vya nyuzi vinapiga kwa pamoja ilhali studio imekodi kimoja. Mpangaji ndiye anayeyageuza hayo kuwa nota za binadamu: anawagawia wapiga honi wawili ile nota ndefu wapokezane, anaipandisha fluti oktava moja au anawapunguzia tromboni, na anakumbuka kwamba klarineti ya kawaida husikika toni moja chini ya nota iliyoandikwa, na honi chini zaidi. Tena hufanya hivyo bila kubadilisha kile ambacho mwongozaji amekwisha kukipenda, na huo ni ugumu ambao wapangaji wa kizazi cha Friedhofer hawakuwa nao, kwa sababu wakati wao hakuna aliyekuwa ameusikia muziki ukipigwa na okestra kabla ya siku ya kurekodi.

Ningekushauri ujifunze kukisoma kielelezo cha kompyuta kwa ufasaha uleule unaosomea rasimu ya mkono, uombe faili za kila ala zikiwa zimetenganishwa badala ya rekodi iliyochanganywa, na umwambie mtunzi mapema ni vipi katika kielelezo chake havitapigika. Siku ya kurekodi ikifika, kaa katika chumba cha fundi sauti ukiwa na karatasi kuu mkononi. Kondakta anawasikia wapigaji wakiwa mbele yake, lakini wewe unasikia kile kitakachoingia ndani ya filamu, na nota iliyonukuliwa vibaya ikigunduliwa hapo husahihishwa kwa dakika moja.